Mtoto alicheka mbuzi alipotafuna daftari

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nachora vibonzo vya watoto. Mhusika mkuu ni Zuhura, msichana wa miaka 8, na marafiki zake ni mbuzi, kobe na kunguru. Wote wanaongea, na kila ukurasa nimewapa utani. Nimemsomea mpwa wangu wa miaka 7 kurasa 12. Alisikiliza vizuri, ila alicheka mara moja tu, pale Zuhura anapozungumza na kunguru na huku nyuma yao mbuzi anatafuna daftari la shule. Daftari hilo nililichora kujaza nafasi. Nifanye nini ili wanyama wangu wachekeshe? Waongee au wasiongee?"

Ndugu yangu, mpwa wako amekupa jibu la kwanza, nami nitaanzia hapo hapo alipochekea.

Irudie picha ile uitazame kwa macho yake. Zuhura amempa mbuzi mgongo, kwa hiyo hana habari. Kunguru ameshughulika na maneno yake. Mbuzi yuko kwenye chakula. Katika picha nzima hakuna anayejua kwamba kuna maafa isipokuwa mtoto aliyeshika kitabu. Mtoto wa miaka 7 kutwa nzima anaambiwa mambo na watu wanaojua kuliko yeye: mzazi, mwalimu, kaka, dada. Ghafla ukurasa wako umempa siri ambayo hata Zuhura mwenye miaka 8 hana. Ndiyo maana akacheka.

Kurasa nyingine 11 zilimtaka afanye kazi ya namna nyingine kabisa, yaani akae asikilize watu wakitaniana. Mbuzi anasema neno la kuchekesha, kobe anajibu kwa neno la kuchekesha zaidi, Zuhura anaangua kicheko ndani ya picha. Mhusika akishacheka yeye, msomaji hana tena la kufanya. Na utani wa kejeli, ule wa kusema kinyume cha unachomaanisha, watoto wengi wa umri huo huupokea kama ulivyo. Ukimwandikia kobe "Aa, mbuzi, una akili kweli wewe!", mtoto anaweza kuamini kuwa mbuzi amesifiwa.

Nikupe kipimo ninachokitumia kwa kila kazi ya namna hii. Funika picha zote kwa karatasi, uache viputo vya maneno peke yake, kisha umsomee mtu mwingine na umwambie ataje nani anasema nini. Kama hawezi kumtofautisha kobe na kunguru, basi huna wanyama watatu. Una wasichana watatu waliovaa ngozi, gamba na manyoya.

Dawa yake ni kumpa kila mnyama hamu moja, na iwe hamu yake mwenyewe, isiyomhusu Zuhura hata kidogo. Mbuzi anataka kuonja. Kobe anataka asiharakishwe. Kunguru anataka kujua kila kinachoendelea, na akishajua anataka wote wajue kwamba yeye ndiye aliyejua wa kwanza. Zuhura naye awe na haja ya siku hiyo, ndogo na ya haraka, kama kumaliza hesabu kabla giza halijaingia. Waweke wanne hao mahali pamoja na kichekesho kitakuja chenyewe, kwa sababu haja za watatu zinakatiza njia ya haja ya mmoja. Mbuzi hajala daftari ili amkere mtu. Amelila kwa sababu lilikuwa pale na lilikuwa la karatasi. Hapo kwenye unyofu wake ndipo penye uchekeshaji. Siku mbuzi wako atakapomkonyezea msomaji jicho kama anayesema "umeniona?", utakuwa umempoteza.

Hamu hizi usizitunge hewani. Mwangalie mnyama mwenyewe. Mbuzi huchunguza dunia kwa midomo, hata kitu asichokusudia kukila atakigusa na kukitafuna kidogo ili akijue. Hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo ukimchora akitabasamu kwa safu mbili za meno meupe, mtoto anayewajua mbuzi ataona mtu badala ya mbuzi. Mboni ya jicho lake imelala kama mstari mnene wa ulalo. Ichore hivyo, uone jinsi uso wake unavyopata ile sura ya kutazama pembeni huku akifikiria jambo lake. Kunguru ni ndege wenye akili nyingi: huficha chakula wakakirudia baadaye, na watafiti wameonyesha kwamba wanaweza kuukumbuka uso wa mtu aliyewatendea ubaya. Kunguru anayekumbuka nyuso na kuficha vitu tayari ni mhusika, na hujamtungia chochote. Kobe ndiye tajiri kuliko wote, nitamrudia.

Utaniambia ngano zetu zimeshatupa wanyama: sungura mwerevu, fisi mroho. Wapende, lakini uangalie tofauti. Fisi wa ngano ana hamu kubwa kweli, ila hadithi yake imejengwa ili uroho umponze na mambo yaishe. Katika vibonzo vinavyoendelea, mnyama lazima arudi ukurasa unaofuata akiwa vilevile, hajajifunza, hajatosheka, na bado tunampenda. Kwa hiyo chukua ile nguvu ya ngano ya kumjua mnyama kwa tabia moja, uiache ile adhabu ya mwisho. Mbuzi akila daftari leo, kesho atakula ramani.

Sasa suala la kuongea, maana najua ndilo lililokukosesha usingizi. Hakuna sheria kwamba wanyama waongee au wasiongee. Kinachohitajika ni uamuzi juu ya nani anamsikia nani, na kila uamuzi unazaa kicheko cha aina yake.

Mchoraji Charles Schulz alianza vibonzo vya Peanuts tarehe 2 Oktoba 1950, na mbwa wake Snoopy mwanzoni alikuwa mbwa wa miguu minne kama mbwa yeyote. Baadaye akapewa mawazo yanayoandikwa katika wingu juu ya kichwa, na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 akaanza kutembea kwa miguu miwili. Mtoto anayemfuga hayasomi mawazo hayo, ni sisi tunaoyasoma. Kwa hiyo kila tunapomwona mtoto akimhurumia mbwa wake mpweke, sisi tunajua kwamba mbwa huyo wakati huo anajiona rubani wa vita. Ni siri ile ile ya mbuzi na daftari, imegeuzwa kuwa nguzo ya vibonzo vilivyodumu karibu miaka 50.

Bill Watterson katika Calvin and Hobbes, iliyochapishwa kuanzia 1985 hadi 1995, alichukua njia nyingine. Chui milia Hobbes ni mwanasesere wa kitambaa watu wengine wanapokuwepo, lakini akibaki na mvulana Calvin peke yao ni mkubwa, anatembea, anabishana naye. Watterson hakutuambia kamwe upi ndio ukweli. Wala hakuhitaji kutuambia, maana mtoto anayesoma hababaiki hata kidogo. Wanaobabaika ni wakubwa.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yako, kwa kuwa una msichana, ni Phoebe and Her Unicorn ya Dana Simpson. Rafiki wa Phoebe ni farasi mwenye pembe moja anayejipenda kupita kiasi na anayeongea vizuri kabisa. Swali likaja: kwa nini mji mzima haushangai farasi wa ajabu anapopita njiani? Simpson akampa farasi ngao ya uchawi inayowafanya watu wamwone kuwa kitu cha kawaida kisichostahili kutazamwa mara mbili. Tatizo la hadithi limegeuka kuwa utani, na zaidi ya hapo linamuumiza farasi mwenye majivuno: kila anapopita hakuna anayegeuka kumsifia. Na ukitaka kuona ukimya unavyofanya kazi, mtazame Twig, kile kiumbe mfano wa mbweha mwenye vipembe katika vitabu vya vibonzo vya Luke Pearson kuhusu msichana Hilda. Hasemi neno. Masikio, mkia na mgongo wake vinasema ni wakati gani Hilda ameingia mahali pasipofaa, na mara nyingi yeye hujua kabla ya Hilda.

Kwa wanyama wako watatu ningefanya hivi. Mbuzi asiseme kitu milele. Ameshamchekesha mtoto bila neno, kumpa maneno sasa ni kumpunguza. Kunguru aseme kupita kiasi, viputo vyake vijae hadi vibanane na ukingo wa kisanduku, yaani fremu ya picha moja. Kobe aseme kidogo na achelewe. Zuhura peke yake ndiye awaelewe. Wengine wote wasikie "mee" na kelele za kunguru. Sheria hiyo iandike kwenye karatasi uibandike mbele ya meza yako, kwa sababu itakuja siku utakuwa na utani mzuri sana unaohitaji mama yake Zuhura amsikie kunguru, na utatamani kuivunja mara moja tu. Usiivunje. Watoto ni walinzi wakali wa sheria za hadithi, na wakishaona kwamba mwandishi hana msimamo, hawana sababu ya kungoja kitakachofuata.

Nimefurahi hasa kwamba unaandika kwa Kiswahili, maana lugha hii ina vitu ambavyo mchoraji wa vibonzo angevililia, na sijaona vikitumiwa inavyostahili.

Cha kwanza ni kwamba sarufi yetu imewaweka wanyama pamoja na watu. Mtoto anakula, mbuzi anakula. A- ni ile ile. Hakuna kiwakilishi kinachofichua kama anayesemwa ni mtu au mnyama. Basi mpeleke Zuhura mbele ya mwalimu wake:

"Daftari liko wapi?"

"Rafiki yangu amelitafuna, mwalimu."

"Rafiki gani huyo? Anakaa wapi?"

"Nyuma ya nyumba yetu."

"Wazazi wake wana habari?"

"Mama yake naye anatafuna."

Zuhura hajasema uongo hata chembe. Mwalimu anazidi kutoa macho, na kwenye dirisha nyuma yake mnaona pembe mbili tu. Mtoto anayesoma anajua, mwalimu hajui, na sarufi ndiyo iliyoficha siri.

Cha pili ni tanakali za sauti. Wachoraji wengi huazima milio ya vibonzo vya kigeni wakaijaza kurasani, na mtoto anaisoma bila kuhisi kitu. Wakati huo Kiswahili kina mlio kwa kila mahali pa kuangukia! Ukianguka majini ni chubwi. Mchangani, tifu. Matopeni, tapwi. Sasa fikiria kisanduku ambacho Zuhura ameketi akiandika kwa utulivu, kunguru amekaa begani, na kutoka nje ya ukingo wa picha yanatokeza maandishi makubwa: TAPWI! Hujachora matope. Hujamchora mbuzi. Mtoto ameshaviona vyote viwili, na ameviona vikiwa vichafu kuliko ambavyo kalamu yako ingeweza kuvichafua. Kisanduku kinachofuata mbuzi anaingia akiwa wa kahawia kuanzia kwato hadi ndevu, na shati la Zuhura ni jeupe. Malizia hapo.

Cha tatu ni salamu na majina ya heshima, na hapa narudi kwa kobe. Kobe huishi muda mrefu mno. Yupo mmoja anayeitwa Jonathan, katika kisiwa cha St Helena, anayekadiriwa kuanguliwa mnamo 1832. Kobe wako basi anaweza kuwa mkubwa kuliko bibi wa bibi yake Zuhura. Kwa nini anaongea naye kama rika lake? Amwite "mjukuu wangu", na Zuhura amwamkie. Nakupa visanduku vinne bure. Cha kwanza, asubuhi, Zuhura anapita mbio: "Shikamoo, babu!" Cha pili, kobe amefumbua mdomo. Cha tatu, picha ile ile, isipokuwa vivuli vimehamia upande wa pili. Cha nne, usiku na mwezi, kobe peke yake: "Marahaba."

Quino wa Argentina, aliyeanza kumchora msichana Mafalda mwaka 1964, alimpa binti huyo kobe akamwita Burocracia, yaani Urasimu, kwa ajili ya mwendo wake. Jina lenyewe ni kibonzo kizima. Wewe jina la kobe wako hukunitajia. Likiwa bado hujalichagua, lichague kwa subira.

Umeona katika visanduku vile vinne kwamba cha tatu hakina neno wala jipya lolote ila vivuli. Hicho ndicho kisanduku ambacho waanzaji hukifuta wakidhani kinapoteza nafasi. Bila hicho, "marahaba" ni jibu tu. Kikiwepo, mtoto amesubiri, na kusubiri ndiko kulikompandisha kicheko hadi kooni. Katika vibonzo muda unapimwa kwa nafasi: kisanduku kirefu ni muda mrefu, kisanduku kinachojirudia ni subira, na ule upenyo mweupe kati ya kisanduku na kisanduku ni mahali ambapo mtoto anatenda mwenyewe kile ambacho hukukichora. Kwa kitabu cha kufunua, pima pia ukurasa wenyewe. Jambo la kushtukiza liweke juu kushoto, baada ya kufunua, na swali lake liwe chini kulia kabla ya kufunua. Ukiliweka upande wa kulia, jicho la mtoto litalidokoa mapema, maana hutazama kurasa zote mbili kwa pamoja kabla ya kuanza kusoma.

Maneno yapunguze. Mimi sizidishi maneno 20 kwa kisanduku, isipokuwa kwa mhusika kama kunguru wako ambaye wingi wa maneno ndio tabia yake. Neno linalochekesha liwe la mwisho kabisa katika kiputo cha mwisho. Ukiandika "Mbuzi ndiye aliyekula, nadhani, kama nilivyowaambia jana", umelizika. Andika: "Jana niliwaambia nani atakula." Kisha kimya, na picha ya mbuzi.

Kuhusu uchoraji wenyewe sina mengi, kwa kuwa hukuuliza. Hakikisha tu kwamba ukiwapaka wanne wote wino mweusi mtupu, kivuli cha kila mmoja kinatambulika kutoka mbali, na tumia kimo chao: kobe yuko chini daima, kunguru anaweza kuwa popote juu, mbuzi yuko usawa wa mkono wa Zuhura, na hapo ndipo daftari lilipo.

Jambo moja hukuliuliza lakini nimelihisi katika idadi yako ya utani kwa kila ukurasa, na nimeliona kwa wengi wanaoandikia watoto: hofu ya kwamba kichekesho kitupu hakitoshi, lazima mwishoni Zuhura aseme amejifunza kutunza vitu vyake. Nakusihi usifanye hivyo. Mtoto aliyecheka na mbuzi kwa moyo wake wote ameona viumbe wawili wenye haja tofauti wakibaki marafiki kwenye ukurasa wa mwisho. Hilo ameliona kwa macho, na sentensi yako ya mafunzo italigeuza kuwa amri nyingine kati ya nyingi alizozisikia tangu asubuhi. Zuhura akasirike kweli, anyamaze, halafu kesho yake aandike hesabu akiwa amekaa juu ya mti, mbuzi akiwa chini amejinyoosha kwa miguu ya nyuma.

Kwa kuanzia, usichore kurasa mpya. Chukua ule ukurasa wa daftari uugawe upya katika visanduku sita. Cha kwanza daftari ni zima na mbuzi yuko mbali, mdogo kama kidole. Katika kila kisanduku Zuhura na kunguru wabishane juu ya jambo lao huku wamempa mgongo, mbuzi awe amesogea kidogo, na asionekane akitembea hata mara moja. Awe amefika tu. Cha nne daftari limepungua. Cha tano, kisanduku cha kimya, Zuhura amenyoosha mkono nyuma bila kutazama, analipapasa daftari lake. Cha sita ameshika ndevu.

Kisha msomee tena mpwa wako, bila kumdokezea chochote, na wewe usitazame kitabu. Tazama macho yake yanakwenda kwa nani wakati unasoma maneno ya Zuhura. Yakianza kumtafuta mbuzi kuanzia kisanduku cha pili, nenda kauchore upya ukurasa wa pili kwa njia hiyo hiyo.